Mpwa wangu ni namba sita, wanasema nafasi hiyo haiuziki. Naombeni ushauri

MjombaKihonda

Wakuu habari za jioni. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, anatimiza miaka 17 mwezi wa nne. Tunaishi naye hapa Kihonda, Morogoro, tangu baba yake afariki. Anacheza kiungo mkabaji, namba sita, na sisemi haya kwa sababu ni damu yangu: mtoto anakaba, anaachia pasi mapema, hapotezi mpira ovyo.

Sasa kocha wake anataka kumhamishia winga ya kulia kwa kuwa ana mbio. Anasema skauti akija uwanjani anamwangalia anayefunga na anayepiga chenga, namba sita hakuna anayemuona. Mtoto hataki. Amenuna, hata mazoezini anaenda kwa kusukumwa.

La pili, kuna jamaa amejitokeza anajiita wakala. Anasema anayo nafasi ya majaribio Ulaya, ila tutangulize hela ya viza na kitu anachokiita usajili wa awali. Dada amefika mahali pa kuulizia bei ya kiwanja alichoachiwa na marehemu.

Kwa wanaoujua mpira kwa undani: namba sita kutoka ukanda wetu huu anaweza kufika mbali kweli? Mtoto anampenda Victor Wanyama, ana picha yake ukutani akiwa na jezi ya Tottenham. Njia aliyopita Wanyama ilikuwaje hasa? Nataka nikikaa naye niwe na cha kumwambia.

Mnyamwezi_wa_Mabibo

Mkuu, la wakala nakujibu kabla ya yote: anayetaka hela yako kwanza si wakala. Wakala wa kweli analipwa kutokana na mkataba wa mchezaji. Mwambie dada kiwanja kibaki.

Kuhusu namba sita, mbona mifano ipo. Khalid Aucho katoka Jinja, akacheza Kenya Tusker na Gor Mahia, akazunguka Afrika Kusini, Serbia, India, Misri, ndipo 2021 akatua Yanga na kushika dimba. 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Na Novatus Dismas wetu kapita Azam, akaenda Israeli, akaenda Zulte Waregem ya Ubelgiji, na msimu wa 2023/24 akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk. Huyo si mfungaji. Wa Wanyama nawaachia Wakenya.

Mwalimu_Toyoyo

Ndugu MjombaKihonda, pole na majukumu, na Mungu akulipe kwa kumlea huyo kijana. Nafundisha vijana hapa Eastlands, Nairobi, kwa miaka mingi sasa, na kabla ya hapo nilicheza hiyo hiyo namba sita ligi za chini mpaka goti likakataa. Kwa hiyo swali lako limenigusa. Nitaandika kirefu, univumilie.

Habari za Wanyama watu huzisimulia kwa kuruka: alitoka Nairobi, akaenda Celtic, akaingia Uingereza, basi. Kinachowahusu wewe na mpwa wako ni pale wanaporuka.

Victor amezaliwa Juni 1991. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na kaka yake ni McDonald Mariga, kiungo vilevile. Alisoma Kamukunji High, hapa hapa Nairobi. Mwaka 2007 Harambee Stars ilimchezesha dhidi ya Nigeria akiwa hajatimiza hata miaka 16. Mwaka huo huo akamfuata kaka yake Sweden, klabu ya Helsingborg. Mariga akauzwa Parma, na Victor akarudi nyumbani. Hebu tulia hapo kidogo. Kijana ameshavaa jezi ya taifa, ameshaonja Ulaya, halafu anarudi Nairobi kuanza upya. Mtaani wangesema ameshindwa maisha. 2008 ndipo akapata mkataba Ubelgiji, Germinal Beerschot ya Antwerp, klabu ambayo wengi wetu hatukuwa tukiijua. Akakaa misimu mitatu. Na alikuwa akicheza, hakuwa akipasha moto benchi la klabu yenye jina ili apige picha za kutuma nyumbani.

Julai 2011 Celtic ikamchukua kwa pauni 900,000. Akachagua jezi namba 67, kwa heshima ya kikosi cha Celtic kilichotwaa Kombe la Ulaya 1967. Kocha Neil Lennon alimtumia hata beki wa kati kabla hajamkabidhi kiungo. Ukaja ule usiku wa tarehe 7 Novemba 2012, Barcelona pale Glasgow. Mwambie kijana aitafute hiyo mechi aitazame yote, asiishie kwenye bao. Ndiyo, Wanyama alifunga kwa kichwa kona ya Charlie Mulgrew, Mkenya wa kwanza kufunga Ligi ya Mabingwa, na Celtic ikashinda 2-1. Lakini Barcelona ilikuwa na mpira karibu usiku kucha, Xavi na Iniesta wakiwa uwanjani. Mwangalie Victor anavyosimama asipokuwa na mpira. Anafunga njia ya pasi ya kuingia kati, hakimbilii mpira, anasubiri wauzungushe pembeni, halafu anateleza hatua mbili tatu na kusimama tena. Kazi hiyo ndiyo wanayoilipia.

Na wanalipa. Msimu uliofuata, Julai 2013, Southampton ikatoa pauni milioni 12.5. Hakuna klabu ya Scotland iliyokuwa imewahi kumuuza mchezaji kwa bei hiyo. Kutoka laki tisa hadi milioni 12.5 ndani ya miaka miwili, namba sita, mtoto wa Nairobi, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Anayesema nafasi hii haiuziki mwonyeshe hesabu hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote. Aliyemnunua Southampton ni Mauricio Pochettino. Pochettino akahamia Tottenham 2014, na 2016 akamfuata Victor huko huko Southampton na kumchukua kwa pauni milioni 11. Ulipofika mwaka 2020 na mambo ya Tottenham kuharibika, aliyempokea Montreal ya Kanada ni Thierry Henry, mtu aliyecheza miaka yote mbele ya viungo wakabaji wakubwa na anajua thamani yao. Na 2025, akiwa anaelekea miaka 34, aliyempa mkataba wa muda mfupi Dunfermline ya Scotland ni nani? Neil Lennon yule yule. Lennon mwenyewe alikuwa kiungo mkabaji wa Celtic. Pochettino alikuwa beki. Ni watu wanaojua mtu wa mbele ya mabeki anafanya nini.

Mshambuliaji anajiuza mwenyewe, kila macho yanaona bao. Namba sita anabebwa na kocha anayemuelewa. Kwa hiyo kabla ya kutafuta wakala, kabla ya Ulaya, mtafutie kijana kocha anayemhitaji hapo katikati, hata kama timu yake ni ndogo na uwanja wake ni wa vumbi.

Hilo la winga. Nenda ukazungumze na kocha wake kwa heshima, maana naye anajitolea, na pengine hana mtu mwingine mwenye mbio. Kijana kujaribu nafasi nyingine mazoezini si vibaya, nimekwambia Victor alicheza hata beki wa kati. Lakini kumhamisha kabisa ili aonekane, akiwa na miaka 17, na moyo wake uko kwingine, hapana. Atakuwa winga wa kawaida, na wa aina hiyo wamejaa kila uwanja. Kiungo mkabaji anayeachia pasi mapema katika umri huo ni adimu. Mimi hapa ninao vijana wengi na anayejua kufanya hivyo bila kukumbushwa ni mmoja.

Na skauti anayejua kazi anamuona namba sita. Anaangalia shingo. Kabla mpira haujamfikia, je, amegeuza kichwa kutazama nyuma ya bega? Akipokea, mwili umefunguka upande gani? Hapa uwanjani kwetu Toyoyo tuna zoezi: nampigia kijana pasi, nyuma yake amesimama mwenzake anayeinua vidole. Lazima ataje idadi ya vidole kabla ya kugusa mpira. Siku za mwanzo wanapiga kelele namba yoyote tu, mpira unawapita. Baada ya muda utaona kichwa kinageuka chenyewe, hata mechi ikiwa kali. Mfanyizie mpwa wako zoezi hili hapo nyumbani, halihitaji chochote ila mpira na watu wawili.

Nimwambie pia uchungu wa nafasi hii, asije akaujua ukubwani. Msimu wa 2015/16 Victor alitolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Norwich, na mwezi uliofuata tena dhidi ya West Ham. Mkabaji anaishi jirani na kadi. Kisha msimu wa 2016/17, wa kwanza Tottenham, akacheza mechi 36 za ligi, timu ikamaliza ya pili na pointi 86, na bao la kwanza katika mechi ya mwisho kabisa ya White Hart Lane, uwanja wao wa zamani, dhidi ya Manchester United, alifunga yeye kwa kichwa. Huo ndio ulikuwa urefu wa kilele chake. Agosti 2017 akaumia goti, akakaa nje miezi.

Aliporudi alitupa lile bao la Anfield, uwanja wa Liverpool, Februari 2018. Sijui kama umeliona. Ameingia kama dakika moja hivi, Tottenham wako nyuma 1-0, krosi ya Eriksen inapigwa ngumi na kipa Karius, mpira unamdondokea Victor nje ya boksi. Hakuutuliza. Aliupiga ukiwa unakuja, ukaenda kona ya juu na kipa hakuwa na la kufanya. Watu wanakumbuka bao, mimi nakumbuka mahali aliposimama. Wenzake wamejazana ndani ya boksi, yeye yuko pale pale namba sita anapotakiwa kuwa, akisubiri mpira wa pili.

Lakini nafasi yake ya kudumu haikurudi tena. Mechi ya pili ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na Ajax, Mei 2019, alianza, Tottenham wakaenda mapumziko wakiwa nyuma 2-0, na akatolewa kumpisha Llorente, mshambuliaji. Timu ikitaka mabao, wa kwanza kutazamwa na kocha ni namba sita. Wakashinda 3-2, wakaenda fainali Madrid, na Victor akaitazama yote akiwa benchi. Kaka yake Mariga naye alikuwa benchi la Inter kwenye fainali ya 2010, Madrid hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Mariga alirudi na medali ya ubingwa.

Juni 2019 akiwa nahodha aliwaongoza Harambee Stars AFCON kule Misri. Najua hapa ndugu zangu Watanzania mnakumbuka ile 3-2 tuliyowafunga, sitaigusa. Septemba 2021 akastaafu timu ya taifa.

Shangazi_Antwerp

Nimepita hapa nikaona Beerschot ikitajwa. Tulikuwa tukienda kumtazama pale mtaa wa Kiel, kwenye uwanja wa zamani wa Olimpiki, sisi Waafrika wachache na koti juu ya koti. Kijana mdogo, mpole, wenyeji walikuwa bado hawajui kulitamka jina lake. Na niwaambie kitu ambacho wazazi huko nyumbani hawakifikirii: klabu hiyo ilifilisika 2013, miaka miwili tu baada ya yeye kuondoka. Klabu ndogo za huku zinaweza kufa mtoto akiwa bado na mkataba. Baba, mama, ulizeni hali ya klabu kabla ya kusaini, si mshahara tu. Na mtoto ajifunze lugha mapema, kocha akipaza sauti kwa Kiflamandi hatakusubiri utafsiriwe.

MjombaKihonda

Mwalimu, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili, ya pili nikamsomea mwenyewe, na hapa yuko anazitafuta hizo mechi kwenye simu yangu, bando linakwisha. Shangazi asante sana. Dada nimempigia, kiwanja hakiuzwi.

Bado nina mawili. Moja, mpwa wangu si mrefu. Wanyama ni mtu wa mita 1.88, huyu wangu sidhani kama atazidi 1.70. Hapo inakuwaje? Pili, mbona Wanyama mwenyewe alikwenda Sweden na miaka 16 na huyu wetu tunamzuia?

Mwalimu_Toyoyo

Urefu usikutie hofu. N'Golo Kanté hafiki mita 1.70. Akiwa na miaka 21 alikuwa bado anacheza Boulogne, daraja la tatu Ufaransa, akaenda Caen, akafika Leicester 2015, na kuanzia hapo ubingwa wa Uingereza miaka miwili mfululizo na klabu mbili tofauti, 2018 Kombe la Dunia. Na Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, naye si mrefu, na ndiye aliyefanya watu wote waanze kuiheshimu nafasi hii. Asiye na urefu anaiba mpira kwa kufika mapema. Mrefu akichelewa nusu hatua mguu wake utafika, mfupi hatafika, kwa hiyo yeye lazima asome mchezo mbele ya wenzake. Zoezi la vidole linamhusu huyu wako kuliko mwingine yeyote.

Hilo la pili ni swali zuri. Katazo lipo tangu 2001, na tangu 2009 FIFA imebana zaidi: uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi kuhamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu mpira, na hata hizo lazima zipitishwe na FIFA yenyewe. Kwa hiyo huyo jamaa anayemwahidi kijana wa miaka 16 usajili Ulaya anauza kitu ambacho hana. Akitimiza 18 njia zipo. Na mawakala wenye leseni ya FIFA majina yao yamewekwa kwenye tovuti yao, kila mtu anaweza kuyatafuta. Mwombe huyo jamaa jina lake kamili uliangalie. Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Hata ukiwa na kila kitu mlango unaweza kufungwa. Januari 2010 Manchester City walikuwa wamekubaliana na Parma kumchukua Mariga. Kibali cha kazi kikakataliwa kwa sababu ya nafasi ya Kenya kwenye orodha ya FIFA, hata waziri mkuu wetu wa wakati huo akaingilia, bado haikuwezekana. Akaenda Inter na miezi michache baadaye ana medali za mataji matatu. Kwa hiyo kijana asijifunge na nchi moja.

Mambo mawili ya kufanya sasa. Hakikisha timu anayochezea imemsajili rasmi, jina na tarehe ya kuzaliwa vikilingana na cheti, kila msimu. Mchezaji akiuzwa kimataifa huko mbele kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu za mitaani zinapoteza hela hizo kwa kukosa karatasi tu. Mweleze kocha wake hilo mtakapokaa, atakusikiliza kwa sikio jingine.

La pili, mrekodi. Usimkatie vipande vya dakika mbili vyenye muziki, vipande hivyo ni vya mawinga. Kiungo mkabaji anaonekana kwenye mechi nzima. Tafuta mtu mwenye simu nzuri, apande mahali pa juu, hata kama ni bodi ya lori, aweke kamera ikae pana, asifuate mpira, kijana aonekane hata anapokuwa mbali nao. Dakika 90 zote, na jina la timu mliyocheza nayo na matokeo. Ukiipata iweke hapa hapa au nitumie kwenye ujumbe wa ndani. Nitaitazama yote na nitakuandikia ninachokiona, kizuri na kibaya.

MjombaKihonda

Jumamosi wana mechi Mzumbe. Nimeshampata kijana wa kurekodi. Nitaituma.